Kupima zeolaiti hatua kwa hatua: maji, ubadilishanaji wa ioni na joto

Anayeanza kupima zeolaiti, yaani mawe yanayoshika maji na ioni (chembe zenye chaji ya umeme) ndani yake, huuliza karibu maswali yale yale. Kwa nini nikikausha sampuli kwa nyuzi 105 za Selsiasi napata jibu moja leo na jingine kesho? Kwa nini uwezo wa kubadilishana ioni niliopata ni nusu ya ulioandikwa vitabuni? Kwa nini joto lililotoka nilipotia zeolaiti kavu majini halifanani na la mwenzangu ilhali jiwe ni lile lile? Mara nyingi chanzo ni kimoja: hakuandika sampuli yake ilikuwa na maji kiasi gani wakati anaipima. Zeolaiti haina uzito mmoja. Hewa ikiwa na unyevu inakunywa maji, hewa ikikauka inayaachia, na kila namba utakayoipata inasimama juu ya uzito huo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji na unayarudia kila hatua.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Zeolaiti ni kiunzi cha silikoni, alumini na oksijeni chenye vijia ndani yake. Kila atomu ya alumini inakiachia kiunzi chaji hasi moja, na chaji hiyo hutulizwa na ioni chanya zinazokaa ndani ya vijia: sodiamu, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu. Pamoja na ioni hizo hukaa maji. Mwaka 1756 Msweden Axel Fredrik Cronstedt alilichoma jiwe la aina hii, akaona linatoa povu, akalipa jina kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka. Povu lile ni maji haya haya tunayokwenda kuyapima.

Kabla hujaanza

Andaa vitu hivi:

- Mizani inayosoma hadi gramu 0.0001. Ya gramu 0.01 haitoshi.
- Tanuri la maabara linalofika nyuzi 450, na lenye kipimajoto unachokiamini.
- Vikombe vya kauri na chupa ndogo za kupimia zenye vifuniko vya kioo vinavyobana.
- Mitungi ya kioo inayofungwa barabara, kwa ajili ya kudhibiti unyevu.
- Chumvi safi za maabara: kloridi ya sodiamu, kloridi ya magnesiamu, kloridi ya lithiamu, nitrati ya magnesiamu, kloridi ya amoniamu.
- Ethanoli, nitrati ya fedha, hidroksidi ya sodiamu, asidi ya boriki, na asidi ya hidrokloriki ya molari 0.1 iliyosanifishwa.
- Sentrifuji, bureti, na seti ya kukenekea amonia.
- Chupa ya thamosi yenye mdomo mpana, kichocheo, kipimajoto kinachosoma hadi nyuzi 0.01, na kipasha joto kidogo cha umeme chenye voltimita na amita.

Na barakoa nzuri ya kuzuia vumbi. Hapa naomba unisikilize. Kuna zeolaiti ya nyuzinyuzi iitwayo erionaiti, na imethibitishwa kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Katika vijiji kadhaa vya Kapadokia, nchini Uturuki, watu waliovuta vumbi lake waliugua saratani ya utando wa mapafu kwa wingi usio wa kawaida. Jiwe usilolijua asili yake lichukulie kuwa na erionaiti mpaka eksirei ikuhakikishie vinginevyo. Lisage likiwa limeloweshwa, na usipulize unga kwa mdomo.

Hatua ya 1: Jua unachokipima

Peleka gramu moja au mbili za unga kwenye mashine ya eksirei ya kutambua madini. Kwa eksirei zinazotolewa na shaba, klinoptilolaiti na heulandaiti, ambazo kama zinazofuata ni aina za zeolaiti, huonyesha kilele kwenye grafu karibu na pembe (2θ) ya nyuzi 9.9, chabazaiti karibu na 9.5, analsimi karibu na 15.8 na 26, modenaiti karibu na 6.5. Kilele karibu na 7.7 ni ishara ya erionaiti. Ukikiona, simama, na upange upya namna ya kujikinga.

Klinoptilolaiti na heulandaiti zina kiunzi kimoja, kwa hiyo kilele hicho peke yake hakizitenganishi. Choma sampuli kwa nyuzi 450 usiku kucha kisha uirudishe kwenye mashine. Heulandaiti kiunzi chake huporomoka na kilele kupotea, klinoptilolaiti hubaki. Jaribio hili linajulikana tangu 1960, na litakusaidia tena utakapochagua halijoto ya kukaushia.

Angalia pia madini wageni yaliyomo: kwatzi, feldispa, kalsaiti, udongo wa mfinyanzi. Jiwe lenye zeolaiti asilimia 60 haliwezi kutoa namba za zeolaiti safi.

Hatua ya 2: Saga na uoshe

Saga kwa kinu na mchi mpaka unga upite chekeche la mikroni 150. Usizidishe. Mashine ya kusagia ikiachwa izunguke saa nzima huvunja fuwele zenyewe, na uwezo wa kubadilishana ioni hushuka bila wewe kujua sababu.

Osha unga kwa maji yaliyokenekwa mara tatu ili kuondoa chumvi zinazoyeyuka. Mawe mengi ya zeolaiti hutoka kwenye majivu ya volkano yaliyotua katika maziwa ya magadi, na chumvi za ziwa hubaki humo. Dondosha tone la asidi juu ya kipande kidogo. Kikitoa povu, kuna kalsaiti, nawe ukumbuke hilo katika hatua ya 4 na ya 5.

Hatua ya 3: Litulize kwanza

Weka chumvi ya kloridi ya sodiamu chini ya mtungi, mimina maji kidogo mpaka ibaki chumvi isiyoyeyuka, kisha tandaza unga kwenye sahani juu yake na ufunge. Kwa nyuzi 25, hewa ya ndani ya mtungi hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Acha wiki moja. Pima uzito siku mbili mfululizo. Ukiwa haubadiliki, sampuli imetulia.

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu inachosha kungoja. Ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Sampuli iliyotulia juu ya chumvi hiyo ina hali ya maji ambayo mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuirudia. Tangu sasa, kila unapopima gramu moja, itoe kwenye mtungi huu.

Hatua ya 4: Pima maji

1. Choma kikombe kitupu kwa nyuzi 350, kipoze kikiwa kimefungwa, kipime.
2. Weka gramu 2 za sampuli iliyotulia. Pima.
3. Kausha kwa nyuzi 105 kwa saa nne, funga kifuniko kikombe kikiwa bado cha moto, poza, pima.
4. Rudia kwa nyuzi 200, kisha kwa nyuzi 350, kila mara mpaka uzito usimame.

Tuseme kikombe kina gramu 18.4120, pamoja na sampuli 20.4120, na baada ya nyuzi 350 ni 20.1280. Umepoteza gramu 0.2840. Ukigawa kwa uzito wa mwanzo, maji ni asilimia 14.2. Ukigawa kwa uzito uliobaki, gramu 1.7160, unapata 16.55 kwa kila gramu 100 za zeolaiti kavu. Zote mbili ni sahihi, na zimewachanganya watu wengi, kwa hiyo andika umegawa kwa nini.

Nyuzi 105 ni desturi ya wanaopima udongo wa mashamba. Zeolaiti ikifika hapo huwa imeachia sehemu tu ya maji yake, na kiasi chenyewe kinategemea hata unyevu wa hewa iliyomo tanurini siku hiyo. Ipime kama hatua ya njiani, usiiite ukavu. Upande wa pili, usikimbilie nyuzi 900 ukidhani umemaliza kazi. Udongo wa mfinyanzi huachia maji ya muundo wake baada ya nyuzi 500, na kalsaiti huachia kaboni dioksidi juu ya 700. Vyote hivyo utavihesabu kuwa maji ya zeolaiti. Ikiwa una heulandaiti, hata nyuzi 350 ni nyingi. Shuka, kausha kwa muda mrefu zaidi, ikiwezekana kwa pampu ya kuondoa hewa.

Kosa jingine ni la kupozea. Wengi huweka kikombe wazi ndani ya chombo chenye silika geli. Zeolaiti iliyokauka ina uchu wa maji kuliko silika geli, hivyo huunyonya hata unyevu mdogo uliobaki humo, nawe unapima uzito unaopanda. Tumia kifuniko kinachobana, na badala ya silika geli weka chembe za zeolaiti ya viwandani zilizochomwa upya.

Kama una madini safi, linganisha na fomula. Analsimi, NaAlSi₂O₆·H₂O, ina maji asilimia 8.2. Natrolaiti, Na₂Al₂Si₃O₁₀·2H₂O, ina 9.5. Chabazaiti ya kalsiamu, CaAl₂Si₄O₁₂·6H₂O, ina 21.3.

Hatua ya 5: Pima uwezo wa kubadilishana ioni

Tunajaza vijia vyote kwa amoniamu, tunaosha ya ziada, kisha tunahesabu amoniamu iliyobaki ndani.

1. Pima gramu 1.000 ya sampuli iliyotulia kwenye mrija wa sentrifuji.
2. Ongeza mililita 30 za kloridi ya amoniamu ya molari 1. Tikisa kwa saa kadhaa. Ukiweza pasha hadi nyuzi 60.
3. Zungusha kwenye sentrifuji, mimina maji ya juu kwenye chupa uliyoiwekea alama, usiyatupe.
4. Rudia mara tano, mojawapo usiku kucha.
5. Osha kwa ethanoli ya asilimia 80 mpaka tone la nitrati ya fedha lisitoe weupe.
6. Hamishia unga wote kwenye chupa ya kukenekea, tia hidroksidi ya sodiamu na shanga chache za kioo, kisha chemsha. Pokea amonia ndani ya asidi ya boriki.
7. Fanya titresheni, yaani dondosha kwa bureti asidi ya hidrokloriki ya molari 0.1 mpaka amonia yote itulizwe. Fanya pia jaribio tupu lisilo na zeolaiti.

Hesabu ni hii: toa ujazo wa jaribio tupu, zidisha kwa molari ya asidi, gawa kwa gramu za sampuli. Ukitumia mililita 18.6 na jaribio tupu likatumia 0.2, unapata 1.84, yaani milimoli 1.84 za chaji kwa kila gramu ya sampuli iliyotulia. Kwa zeolaiti kavu, gawa 1.84 kwa 0.858, ambayo ni sehemu iliyobaki baada ya kutoa maji asilimia 14.2, upate 2.14. Tofauti kati ya namba hizi mbili ni maji peke yake. Hakuna ioni hata moja iliyoongezeka.

Kuna makosa matatu hapa ambayo ni lazima niyataje. La kwanza ni haraka. Mbinu ya wapima udongo ya kutikisa nusu saa haitoshi, kwa sababu ioni inapaswa kupita kwenye vijia vyembamba mpaka katikati ya chembe, na ya zamani itoke kwa njia hiyo hiyo. La pili ni kuosha kwa maji matupu muda mrefu. Amoniamu huanza kutoka. La tatu ni kujaribu kuifukuza amoniamu kwa chumvi ya sodiamu mara moja tu na kudhani imetoka yote. Klinoptilolaiti inaipenda amoniamu kuliko sodiamu, ndiyo maana nashauri unga wenyewe uingie kwenye chupa ya kukenekea.

Yale maji uliyoyahifadhi yana hazina. Pima ndani yake sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, geuza kuwa milimoli za chaji, ukikumbuka kuwa kalsiamu na magnesiamu hubeba chaji mbili, kisha jumlisha. Jumla ikikaribiana na jibu la titresheni kwa tofauti isiyozidi asilimia 10, lala usingizi. Jumla ikizidi sana na kalsiamu ikiwa ndiyo iliyojaa, kalsaiti imeyeyuka.

Kipimo cha juu kabisa unakipata kwenye alumini. Klinoptilolaiti ya sodiamu yenye alumini 6 na silikoni 30 na maji 20 ina uzito wa takriban gramu 2,655 kwa moli, kwa hiyo haiwezi kupita milimoli 2.26 kwa gramu. Ukipata 3, tafuta kosa kabla ya kushangilia.

Hatua ya 6: Pima joto la kunywa maji

Zeolaiti kavu ikiingia majini hutoa joto. Tunalipima ndani ya thamosi.

1. Kausha gramu 10 hivi kwa nyuzi 350 usiku kucha ndani ya kichupa chembamba cha kioo. Kizibe kikiwa bado cha moto, kipoze, kipime.
2. Weka gramu 120 za maji yaliyokenekwa kwenye thamosi. Acha maji na kichupa katika chumba kimoja kwa saa kadhaa ili halijoto zilingane.
3. Washa kichocheo. Andika halijoto kila sekunde 30 kwa dakika tano.
4. Vunja kichupa ndani ya maji. Andika kila sekunde 10 kwa dakika mbili za mwanzo, kisha kila sekunde 30 kwa dakika 15.
5. Chora grafu. Rudisha mstari wa mwisho nyuma mpaka wakati wa kuchanganya, na usome mpando wa kweli hapo. Usichukue namba ya juu kabisa iliyoonekana, kwani thamosi ilikuwa inavuja joto wakati wote.
6. Bila kumwaga kitu, ngoja itulie, kisha washa kipasha joto cha umeme kwa muda unaoujua.

Namba 6 ya orodha hii inakupa kipimo cha thamosi pamoja na kila kilichomo. Volti 12.0 mara ampea 1.50 mara sekunde 150 ni juli 2,700. Halijoto ikipanda kwa 4.95, kila nyuzi moja inahitaji juli 545. Kama zeolaiti kavu gramu 10.00 ilipandisha kwa nyuzi 4.05, joto lililotoka ni juli 2,207, sawa na juli 221 kwa gramu kavu. Gramu 10 hizo zilikunywa takriban gramu 1.66 za maji, ambazo ni moli 0.092. Gawa, upate kilojuli 24 kwa moli ya maji.

Klinoptilolaiti huangukia kati ya kilojuli 20 na 30 hivi, na yenye kalsiamu hutoa zaidi ya yenye potasiamu, kwa sababu kalsiamu huyavuta maji kwa nguvu. Ukisoma mahali pengine kilojuli 68 kwa moli usidhani kipimo chako kimeharibika. Huyo amehesabu kuanzia mvuke, wewe umehesabu kuanzia maji ya kimiminika, na kati ya mvuke na kimiminika kuna kilojuli 44 kwa nyuzi 25. Andika daima umeanzia wapi. Andika na alama ya hasi, kwa kuwa joto limetoka.

Kabla ya kuamini thamosi yako, rudia kazi yote kwa mchanga safi wa kwatzi uliokaushwa vile vile. Halijoto isipande. Ikipanda, kichupa kiliingia kikiwa cha moto.

Hatua ya 7: Nishati huru kwa mitungi ya chumvi

Hii ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji mashine. Andaa mitungi minne kama ule wa hatua ya 3. Kwa nyuzi 25, kloridi ya lithiamu hushika unyevu wa asilimia 11.3, kloridi ya magnesiamu 33, nitrati ya magnesiamu 53, na kloridi ya sodiamu 75. Weka sampuli mbili katika kila mtungi, moja ikiingia kavu na nyingine ikitokea kwenye unyevu. Zikikutana kwenye uzito mmoja, umefika kwenye msawazo.

Sasa unyevu wenyewe ndio jibu. Nishati huru ya maji yaliyomo ndani ya zeolaiti, yaani kipimo cha jinsi yalivyoshikwa ukilinganisha na maji ya kimiminika, ni RT mara logi asilia ya unyevu ulioandikwa kama sehemu ya moja (asilimia 75 ni 0.75). R ni namba thabiti ya gesi na T ni halijoto ya Kelvini, na RT kwa nyuzi 25 ni kilojuli 2.48 kwa moli. Mitungi yako inasoma, kwa mpangilio huo, hasi 5.4, hasi 2.8, hasi 1.6 na hasi 0.7 kwa moli. Chora namba hizi dhidi ya maji uliyoyapima.

Utaona hata mtungi wa asilimia 11 unaacha sehemu kubwa ya maji ndani. Maji yaliyoshikwa kwa nguvu zaidi yako chini ya hapo, na mitungi haiyafikii. Pia usitoe namba hizi kwenye kilojuli 24 za hatua ya 6 ukitafuta entropi (kipimo cha mparaganyiko). Ile ni wastani wa maji yote, hizi ni za tone la mwisho katika kila hali. Ukitaka joto la hali moja, zamisha kwenye thamosi sampuli zilizotoka kwenye mitungi, si kavu peke yake, kisha tumia tofauti kati yao.

Mambo yakienda kombo

*Uzito unapanda mizani ikiwa inasoma.* Kifuniko kinavuja. Hakuna dawa nyingine.

*Majibu matatu ya ioni yanapishana kwa zaidi ya asilimia 5.* Mara nyingi unga ulimwagika pamoja na maji ya sentrifuji. Ongeza mwendo, na uache mililita moja juu ya unga badala ya kukamua yote.

*Uwezo wa ioni ni mdogo lakini unarudiwa vizuri.* Angalia kwanza eksirei. Huenda nusu ya jiwe ni feldispa na kioo cha volkano. Kisha jaribu mizunguko kumi badala ya mitano. Jibu likipanda, hukuwa umemaliza.

*Joto linatoka polepole, grafu haitulii.* Chembe ni kubwa, au unga umegandamana chini ya thamosi. Kaza mwendo wa kichocheo, lakini ujue kichocheo nacho huongeza joto, kwa hiyo kiendeshe kwa mwendo huo huo tangu dakika ya kwanza.

*Joto ni dogo kuliko la jana kwa sampuli ile ile.* Ama haikukauka vizuri, ama imepita nyuzi nyingi mno na kiunzi kimeporomoka. Itulize tena kwenye mtungi wa kloridi ya sodiamu wiki moja. Ikirudi kwenye uzito wake wa kwanza, kiunzi ni kizima na tatizo ni ukaushaji. Isiporudi, itupe uanze na sampuli mpya, kwa halijoto ya chini zaidi.